Mtunza Betri na Bahari ya Timbwani

Ukimpelekea betri ya tochi na kumuuliza kama bado ina uhai, hakuitazama. Aliilamba. Alikuwa na kipande cha waya kwa kazi hiyo: ncha moja aliibana kwenye kitako cha betri, ncha ya pili akaiweka ulimini pamoja na kichwa cha betri, kisha akafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi wa harusi. Halafu hukumu ilitoka. "Ina wiki mbili." Au: "Hii ni maiti, kazikeni."

Nilikuwa mwalimu wa shule ya misheni Likoni miaka ile ya vita, na nyumba yangu ilipakana na yake, pale Timbwani, karibu na njia ya kuteremkia kivuko. Sisi sote tulimwita Mtunza Betri, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya ujana wake wote katika reli, kule Changamwe. Zamani hizo simu za reli ziliendeshwa kwa betri za majimaji: chumba kizima cha chupa za kioo, kila chupa na maji yake ya chumvi ya dawa, kipande chake cha zinki, na waya unaoiunga na chupa ya jirani. Kazi yake ilikuwa kupita asubuhi na jioni akijaza maji yaliyopungua, akikwangua uchafu, akibadilisha zinki zilizoliwa. Alipostaafu alikuja kwetu na sanduku la bati, godoro moja, na ulimi wake.

Ulimi huo ulikuwa pia mtego. Mgeni yeyote aliyeketi barazani kwake aliulizwa kwa upole kama amewahi kuonja umeme. Wengi walisema hapana. Basi alichukua bilauri ya maji ya bahari, akatumbukiza kipande cha zinki upande huu na kipande cha shaba upande ule, akamwambia mgeni aguse nyaya mbili kwa ulimi. Mgeni alisikia uchachu mdogo, kama ndimu iliyoangukia kwenye sufuria ya shaba. Mtunza Betri alisubiri mgeni ashangae, ndipo akasema kwa uso mkavu, "Pole. Wengine huota kutu kwenye ulimi, wewe huenda ukapona." Mwanafunzi wangu mmoja alikaa siku mbili bila kusema darasani. Nilidhani ameanza adabu.

Hebu nieleze hapa jambo ambalo alinieleza mara nyingi, maana bila hilo huwezi kumwelewa mtu huyu. Wengi wetu tulidhani bahari ina umeme ndani yake, na kwamba yeye anajua kuuchota. Hilo lilimkera. "Mwalimu, bahari haina kitu," aliniambia. "Zinki ndiyo kuni. Bahari ni mlango tu wa kupitia." Maana yake ni hii: ukiweka zinki na shaba ndani ya maji ya chumvi, zinki huanza kuliwa kidogo kidogo, na katika kuliwa kwake hutoa umeme unaopita kwenye waya kwenda upande wa shaba. Maji ya kisima hayapitishi vizuri. Ya chumvi hupitisha. Zinki ikiisha, umeme umekwisha, hata uwe na bahari nzima. Ni jambo jepesi, na ukilishika hili umeshika nusu ya ufundi wake.

Nusu ya pili ilikuwa ndoto. Alitaka kutengeneza betri inayouzwa kavu, nyepesi kama mkate, isiyochacha dukani. Mnunuzi aitumbukize baharini siku anapoihitaji, nayo iamke. Alisikia kwa watu wa bandarini kwamba marubani wa vita walikuwa na taa ndogo iliyoshonwa kwenye koti, ikiangukia majini inawaka yenyewe. Hakufurahi hata kidogo. Alisema wameiba wazo lake, wallahi, na alipoulizwa wameliiba vipi ilhali hajawahi kulitoa Timbwani, alijibu kwamba upepo wa Likoni hauna siri.

Hilo la kusema wallahi lilimletea matata. Alikuwa Mkristo wa kubatizwa, mtu wa bara ya karibu huko nyuma ya Mazeras, na Mzee wa Kanisa wetu, mtu mnyoofu mwenye miwani ya waya, alimwonya mbele za watu kwamba kiapo hicho si chetu. Mtunza Betri alikubali kosa. Alisema alikipata pamoja na nyumba. Mwenye nyumba wa kwanza alikiacha ndani, naye hakuwa na pa kukitupa.

Alikuwa na mambo yasiyopatana, na sisi majirani tulipenda kuyahesabu. Mtu aliyetaka bahari iwashe dunia alikuwa akiiogopa bahari hiyohiyo. Kwenye kivuko alisimama katikati kabisa, mkono umeshika nguzo, macho kayafumba, na ukimsalimu alijibu marahaba bila kuyafumbua. Nyumbani kwake aliwasha kibatari. Nilimuuliza sababu, akasema mtengeneza viatu hapiti mtaani amevaa jozi zote. Na ingawa alinifundisha kwa subira isiyo na mwisho, akirudia jambo mara tano bila kuninyanyasa, hakuweza kuvumilia kufundishwa. Ukimsahihisha alipata kikohozi.

Kikohozi hicho ndicho kilichomshika siku ile ya nguzo za gati, na hapa sharti nimlete Mama Vitumbua.

Mama huyu alikaa njia panda ya kivukoni na chuma chake cha vitumbua, kile chenye mashimo saba, na kila asubuhi watu wa kazi za bandarini walimpitia. Alikuwa mjane mwenye mwana mmoja, na mwana yuko vitani, katika nchi ambayo jina lake kwenye barua lilikuwa limepakwa wino mweusi na wakaguzi. Hakujua kusoma. Barua zote nilimsomea mimi. Ya mwisho ilikuwa imeandikwa na rafiki wa mwanawe, si kwa mkono wa mwana mwenyewe, na hilo lilimkosesha usingizi. Rafiki alieleza kwamba watu wa redio walifika kambini kukusanya salamu za askari, na kwamba salamu za kijana zingesomwa Alhamisi ya kwanza ya mwezi unaofuata, alasiri.

"Kwa nini hakuandika mwenyewe?" aliniuliza Mama.

Nilimwambia huenda ana kazi nyingi. Alinitazama jinsi anavyotazamwa mtu aliyesema uongo mdogo kwa nia njema, akarudi kwenye chuma chake. Tangu siku hiyo haja yake ilikuwa moja tu, naye aliisema wazi kwa kila aliyenunua kitumbua: amsikie mwanawe.

Redio ilikuwapo, katika ukumbi wa kanisa. Taabu ni kwamba redio za wakati huo zilikula vyakula viwili. Cha kwanza kilitoka kwenye sanduku la asidi, ambalo tulilipeleka gereji kutiwa nguvu. Hicho kiliwasha zile taa ndogo zilizomo ndani yake. Cha pili kilitoka kwenye betri kubwa kavu, nzito kama tofali, yenye msukumo mkubwa. Bila hiyo taa zinawaka lakini redio ni bubu. Betri hiyo yetu ilikuwa imekufa, na kwa sababu ya vita hapakuwa na nyingine Mombasa nzima kwa watu kama sisi. Mtunza Betri aliilamba, akatangaza msiba.

Kisha, mbele ya Mzee wa Kanisa na foleni nzima ya vitumbua, akasema, "Mama, Alhamisi hiyo utasikiliza. Bahari itakusemesha."

Alianza kukusanya betri za tochi zilizokufa, kwa kuwa ganda la betri ya tochi ni zinki. Alizipasua, akanyoosha maganda, akayakata vipande kama vidole. Shaba alikuwa nayo katika lile sanduku la bati. Akatundika jozi arobaini kwenye kamba, shaba ya jozi hii imefungwa kwa zinki ya jozi ya jirani, akaishusha kamba yote baharini kwenye nguzo za gati dogo la wavuvi. Akaunga ncha mbili kwa taa ya tochi. Nusu ya Timbwani tulikuwapo.

Taa haikuwaka. Hata wekundu haikuonyesha.

Akavuta, akakaza, akashusha tena. Hapana. Akalamba nyaya, uchachu ulikuwa wa jozi moja tu, kana kwamba thelathini na tisa hazikuja kazini. Mzee wa Kanisa akasema labda bahari haijazoea. Watu wakacheka. Mtunza Betri akamweleza kwa ukali kwamba kule reli walitumia chupa kwa sababu tu hawakuwa na bahari chumbani. Bahari ni chupa kubwa ambayo Mungu ameijaza bure.

Mama Vitumbua alikuwa amesimama nyuma, mikono ina unga. Hakucheka. Aliuliza, "Baba, hizi arobaini zote umezitia ndani ya chombo kimoja?"

"Ndani ya bahari."

"Na bahari ni moja."

"Mama, bahari ni moja tangu kuumbwa."

"Mimi nikimwaga uji wangu wote kwenye sufuria moja," akasema Mama, "sipati vitumbua arobaini. Napata andazi moja baya."

Hapo ndipo kikohozi kilipomshika. Alikohoa mpaka watu wakatawanyika. Lakini mimi nilimwona, katikati ya kukohoa, jicho moja limetulia kabisa likitazama maji.

Mama alikuwa amelenga penyewe, na ni rahisi kuona sababu. Kila jozi hutoa msukumo mdogo. Ukitaka msukumo mkubwa, jozi ya pili inapaswa kupanda juu ya mabega ya ya kwanza, ya tatu juu ya ya pili, kama watu wanaopandiana kuchuma papai. Lakini jozi zote zikiwa ndani ya maji mamoja, umeme hauhitaji kupanda. Unapita majini moja kwa moja, na wote wanabaki chini. Kila jozi inataka bahari yake. Mtu huyu alijaza chupa zile za reli miaka na miaka, kila moja peke yake, na hakuwahi kujiuliza kwa nini zilitengwa.

Kesho yake asubuhi alipita nyumba kwa nyumba akiomba vifuu vya nazi. Kwa kila mlango alieleza kwamba jana alikuwa akifanya jaribio la makusudi, kuwaonyesha watu jinsi isivyofaa. Hakuna aliyembishia. Mama Vitumbua mwenyewe alimpa vifuu kumi na viwili, tena vilivyosuguliwa. Jina lake hakulitaja katika maelezo yake hata mara moja. Ila tangu siku hiyo, Mama alipopita mbele ya baraza yake, yeye, mtu mzima kuliko yule mama kwa miaka ishirini, alisimama mpaka apite.

Vifuu vilifika mia moja na themanini. Tulivipanga juu ya viti virefu vya ukumbi, kila kimoja kimekalia pete ya makuti kisipinduke, tukavijaza maji ya bahari kwa birika la chai. Ukumbi ulinuka pwani. Mzee wa Kanisa alikuja kukagua, akasema kwa heshima zote kwamba yeye anaona nazi tu, umeme hauoni. Mtunza Betri akamwomba alowanishe vidole, ashike waya huu kwa mkono wa kulia na ule kwa wa kushoto. Mzee wa Kanisa alishika. Miwani iliruka mpaka safu ya tatu, na neno lililomtoka kinywani lilikuwa wallahi.

Mtunza Betri aliiokota miwani, akaipangusa, akamrudishia. Kwa mwezi mzima hakulitaja jambo lile, na ndivyo alivyomtesa zaidi.

Palikuwa na ugonjwa mmoja uliobaki. Maji yakitulia, shaba hufunikwa na vipovu vidogo, ikawa kama mtu aliyejifunika blanketi mpaka kichwani, na umeme hupungua. Dawa yake ni kukoroga. Basi Alhamisi ile ya salamu tulikusanyika watu sitini hivi, kila mmoja na kijiti cha chelewa katika mkono huu na kingine katika mkono ule, kila mmoja amepewa vifuu vitatu, na tukaambiwa tukoroge polepole, tusigusishe zinki na shaba, tusiongee, tusicheke. Mpishi wa misheni alikoroga kwa madaha, kama yuko kazini. Mzee wa Kanisa alikoroga kwa mbali.

Kabla ya saa kufika, Mtunza Betri alitoa hotuba. Ilikuwa ndefu. Alianza na reli, akapitia kuumbwa kwa bahari, akagusia marubani waizi. Mama Vitumbua alikaa kwenye kiti mbele ya redio, amevaa leso mpya, mikono mapajani. Kwa kuwa nguvu ilikuwa ndogo, sauti haikuweza kutoka kwa wote. Palikuwa na kidude kimoja cha kusikilizia sikioni, kilichotolewa kwenye simu ya zamani. Mtu mmoja tu angesikia. Hatukuulizana ni nani.

Nilipoona saa imefika nilimkanyaga mguu mhubiri wetu. Akakatiza, akazungusha vifundo, na taa ndogo za ndani ya redio zikaonekana zinawaka, nyekundu kama kaa la mwisho. Akampa Mama kile kidude.

Tulikoroga. Sijui kama umewahi kusikia watu sitini wakikoroga vifuu bila kusema; ni sauti kama ya mvua inayofikiri kama inyeshe. Mama aliinamisha kichwa. Uso wake haukuonyesha neno. Alimtazama Mtunza Betri aliyesimama mbele yake, mikono kaifumbata kama mtoto anayengoja kusomewa matokeo ya mtihani. Akatutazama sisi na vijiti vyetu. Kisha akafumba macho.

"Namsikia," akasema.

Hakuna aliyepiga kelele, tulikuwa tumekatazwa. Tulikoroga kwa bidii mpaka maji yakamwagika. Baada ya robo saa alikiondoa kidude sikioni, akakiweka mezani taratibu. Akatuambia mwanawe ni mzima, anatusalimu sote, mkubwa kwa mdogo. Hapo ndipo ukumbi ulipopasuka kwa vigelegele, na Mtunza Betri akabebwa mabegani hadi karibu na kivuko, akipiga yowe ashushwe kabla maji hayajaonekana.

Siku mbili baadaye nilimsikia Mama akisimulia mengine zaidi: mguu wa mwanawe uliumia lakini umepona, na kitu fulani kuhusu iliki. Nilidhani anaongeza, kama sisi sote tunavyoongeza. Sikuona ubaya. Kijana alirudi vita vilipokwisha, anachechemea kidogo, akapata kazi bandarini, na simulizi la vifuu likawa la Likoni nzima. Mtunza Betri alilisimulia kila wiki, na kila wiki vifuu viliongezeka.

Miaka ile ya arobaini ilipokaribia ukingoni alihamia kwa bintiye, Chaani, mbali na kivuko kwa furaha yake. Nilimtembelea mara moja. Kifua kilikuwa kimemchoka, safari hii kikohozi hakikuwa cha kisingizio. Nilimwamkia shikamoo, tukanywa chai, tukaongea habari za shule. Kisha nikamwambia nina mpango wa kuwafundisha watoto darasa zima jinsi alivyoifanya betri ile, na nikamwomba anikumbushe waya upi ulikwenda wapi.

Aliweka kikombe chini. Akaniambia nifunge mlango.

"Betri ilikuwa nzima, Mwalimu," akasema. "Redio ilikuwa nzima. Waya mmoja ulikuwa mfukoni mwa shati langu."

Sikuelewa. Akanieleza kwa subira, kama zamani. Waya wa kuunga vifuu na redio aliutia mfukoni wakati wa hotuba, apate kunyoosha mikono. Nilipomkanyaga mguu aliharakisha, akawasha, na taa zikawaka kwa nguvu ya lile sanduku la asidi. Tulikoroga vifuu mia na themanini, na vyote vilikuwa vikifanya kazi, lakini havikuunganishwa na chochote. Aliuona waya aliporudi ukumbini kukusanya vyombo, watu wote wameshaondoka. Mama hakusikia hata mkwaruzo.

"Alikuona umesimama pale," nikasema.

"Alituona sote."

Hakulala. Alfajiri alifunga macho akavuka kivuko, akaenda kwa miguu mpaka Changamwe, kwa karani mmoja wa reli aliyejulikana kuwa na redio inayosema na tabia ya kuandika kila alichosikia. Salamu zilisomwa kweli. Karani alikuwa nazo kwenye karatasi. Mtunza Betri aliiomba karatasi, akazisoma njiani, akazisoma tena akingoja kivuko, akarudi Likoni jua likiwa utosini, Mama yuko kwenye chuma chake.

"Ukamwambia ukweli?"

"Nilikwenda kumwambia. Nilipofika nikaona mtu aliyenifunika nguo mbele ya watu sitini. Nitamvuaje yake? Nikamwambia, Mama, jana wakati unasikiliza, mimi nami nilitega sikio kwa nyuma. Nikasikia anasema mguu wake uliumia akalazwa, ndiyo maana barua aliandikiwa, ila sasa umepona. Na kwamba huko kuna mama anauza vitumbua kama vyako, chuma kilekile chenye mashimo, ila hatii iliki. Na akirudi atakula vyako mpaka umfukuze."

"Naye?"

Mtunza Betri alikohoa, akasubiri kifua kitulie.

"Aliniangalia sana. Akasema, ndiyo, hivyo hivyo alivyosema. Halafu akaacha kijiti chake cha kugeuzia, akafuta mikono. Akaniambia, 'Ila pale penye mguu, Baba, watu walikuwa wakikoroga kwa kelele, sikupata vizuri. Hebu lirudie.' Nikarudia. Akasema, 'Na la iliki.' Nikarudia. Vitumbua vinaungua, watu wa foleni wananung'unika, yeye hawasikii. Akasema, 'Sasa yote, polepole.' Basi nikaitoa ile karatasi mfukoni, Mwalimu, mbele ya macho yake. Nikakaza koo, nikamsomea kwa sauti ya mtu wa redio, tangu mwanzo."